Maswali Yenu: Migri, intavyuu, na ile karatasi unayotaka kusaini haraka

Wapendwa, mwezi huu barua zimekuja nyingi mno na karibu zote zinauliza habari za Migri. Kwa mlioko mbali msioijua, Migri ni kifupi cha Maahanmuuttovirasto, idara ya uhamiaji ya Ufini, iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na tangu 2017 hata vile vibali vya ukaazi ambavyo zamani ulikuwa unavifuata kwa polisi vilihamia kwao, kwaiyo mkimbizi, mwanafunzi, mke anayemfuata mume, wote mlango ni ule ule. Mi sio wakili, na kesi yako lazima wakili aione. Ila nimepita humo. Nilitoka Buyenzi, Bujumbura, mwaka 2015 kwenye zile vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza wa Burundi, nikahojiwa mwaka uliofuata, na haya nayaandika kwa sababu kuna sehemu nilibakiza kidogo tu nianguke na sitaki mwenzangu aangukie hapo.

Kwenye barua nimetoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu.

SWALI: Shikamoo dada. Niko kambini huku kaskazini mwezi wa nne sasa, nimepewa tarehe ya intavyuu bado wiki tatu. Wenzangu wananiambia stori yangu ni nyepesi, eti hakuna aliyekufa ndani yake, na kuna mtu anatengeneza stori kwa yuro 300 anasema zake zinapita. Silali vizuri. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo yuro 300 nunua koti na simu ya kuongea na mama yako.

Skiliza. Anayekuhoji hatafuti stori yenye maiti nyingi. Anataka kujua ukirudishwa kwenu kesho nini kitakupata wewe, kitafanywa na nani, na kwa nini uwe wewe na sio jirani. Hapo kuna vitu vitatu wanavipima kwenye uamuzi mmoja, wala huhitaji kuomba kila kimoja kivyake. Kwanza ukimbizi wenyewe, ule wa mkataba wa 1951, yaani unatafutwa kwa ajili ya kabila au rangi, dini, uraia wako, siasa zako, au kundi lako kwenye jamii. Ukikosa hapo wanaangalia hifadhi ya pili, kwamba ukirudi kuna hatari ya kweli ya kuuawa, kuteswa au kudhurika kwenye vita. Ikikosekana na hiyo wanaangalia kama kuna sababu nyingine ya kukupa kibali, mfano ugonjwa au hali yako binafsi. Sasa hiyo stori yako nyepesi inaweza kukaa vizuri kabisa kwenye moja ya hizo, we hujui, na huyo muuzaji hajui pia manake yeye ana stori moja anaiuza kwa watu kumi.

Alafu Migri wana kitengo chao cha taarifa za nchi, watu ambao kazi yao ni kusoma habari za kwenu kila siku, nani anashika barabara gani, wilaya ipi ilichomwa mwezi gani. Na maswali ya intavyuu hayaendi mbele tu, yanarudi pembeni. Ulisema walipita getini, geti linafunguka kwa ndani au kwa nje? Nani alikuwa amelala chumba cha nyuma? Mvua ilikuwa inanyesha? Kitu kilichokupata mwenyewe utajibu hata kama unalia, kitu ulichonunua utajibu swali la kwanza na la pili, la tatu unaanza kutunga. Wakishaona umetunga hapo, hata yale ya kweli wanaanza kuyatilia shaka, na hiyo ndo hasara kubwa kuliko zote, kweli yako inakufa kwa ajili ya uongo wa mtu mwingine.

Sasa nikwambie la kwangu. Siku yangu mkalimani hakuwepo chumbani, alikuwa kwenye simu, sauti tu inakwaruza kwenye spika katikati ya meza. Nikaeleza kwamba walikuja saa nane usiku. Mimi na wewe tunaijua saa nane usiku, watu wamelala fofofo, hata jogoo bado. Yule bwana akaitoa kama nane ya saa ya ukutani, ikaandikwa 20.00. Mimi sikujua, tukaendelea, nikaeleza nilivyoshtuka usingizini, nilivyopapasa kanga gizani, masaa mengi hayo, mpaka jioni kichwa kinaniuma na nimeambiwa kuna basi la kuturudisha kambini. Ndo ikaja kazi ya mwisho, mkalimani anakusomea yote yaliyoandikwa alafu unasaini. Nilikuwa naitikia tu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikasikia anasoma: walikuja saa mbili usiku. Nikasema hee, saa mbili usiku? Saa mbili usiku Buyenzi watu hawajala bado, watoto wako barabarani, mimi nilikuwa nimelala vipi? Yule mama wa Migri wala hakukasirika, akaifuta akaandika 02.00, akauliza kama kuna lingine. Ningekuwa nawaza lile basi tu, ningesaini, na leo ingekuwa imeandikwa kwa mkono wangu kwamba nilishtuka usingizini saa ambayo mtaa mzima uko macho.

Kwaiyo la kwanza, ukitaja saa, sema na alama yake, usiku wa manane, kabla ya adhana ya alfajiri, saa mbili baada ya kula. La pili, tarehe usizibuni. Kama unakumbuka ilikuwa wiki baada ya Pasaka au mahindi yalikuwa yamekomaa, sema hivyo hivyo, na usichojua sema sijui, "sijui" sio kosa. La tatu, ile kusomewa mwishoni usiione ni kumalizia siku, hiyo ndo intavyuu yenyewe. Omba maji, omba mapumziko, uliza kila sentensi isiyofanana na mdomo wako. Nakala utapewa, iko kwa Kifini, siku zinazofuata kaa nayo na wakili na ukikuta kosa aandike barua ya marekebisho mapema kabla uamuzi haujatoka. Na kama una karatasi yoyote, meseji za vitisho, cheti cha hospitali, picha, peleka, hata kama unaona ni kitu kidogo.

Na yuro 300 hiyo, nimesema.

SWALI: Alama za vidole zangu zilichukuliwa Italia kabla sijafika huku. Mtu anasema nikichubua ngozi ya vidole au nikitoweka miezi sita Ufini watasahau. Kweli?

JIBU: Hapana kaka, na tafadhali usijiumize. Vidole vinaingia kwenye mfumo wa Ulaya unaoitwa Eurodac, vya muomba hifadhi vinakaa humo miaka 10, na ngozi ikiota inaota na mistari ile ile. Wakikuta uliomba au uliingilia nchi nyingine, Migri inaiuliza nchi hiyo kama itakupokea, huo ndo utaratibu unaojulikana kama Dublin. Ni kweli kwamba uhamisho una muda wake na muda ukipita bila wewe kuhamishwa kesi inabaki huku, ila ukijificha muda huo unaongezwa, tena sana, kwaiyo anayekushauri kutoweka anakurefushia kifungo. Kama una mke au mtoto mdogo yuko hapa, au unaumwa, au Italia ulilala nje barabarani, hayo ndo ya kusema na useme siku ile ile wanapokuuliza habari za Italia.

SWALI: Yambo dada. Miye niko mutu wa Bukavu, ku Kongo. Bakanikatalia mu 2023, mu karatasi baliandika asema naweza kuenda kuishi Kinshasa. Sasa Bukavu ilishaanguka, M23, bale waasi, njo iko pale. Naweza kuomba tena? Na kama naomba, polisi haitanikamata?

JIBU: Yambo sana kaka, na pole, najua una watu pale.

Unaweza kuomba tena, ombi unalipeleka polisi au kwa walinzi wa mpaka kama lile la kwanza, hifadhi haiombwi kwa mtandao. Lakini safari hii wanaanza na swali moja, kuna jipya gani? Ukirudia yale yale ya 2023 watalifunga bila kulichimba. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari 2025, hilo ni jipya kweli na wao wanalijua, ila haitoshi kuandika mji umeanguka. Andika limekugusa vipi wewe. Nyumba yenu nani anakaa? Uliwahi kufanya kazi ya serikali, ulikuwa kwenye chama, una ndugu jeshini au kwa wazalendo, wale wapiganaji wanaosaidia jeshi, jina lako linasomeka la kabila gani? Weka na siku uliyopata habari, manake wanauliza pia kwa nini hukusema mapema.

Sasa hiyo ya Kinshasa, kaka, hapo ndo pa kukaza. Sheria yao inaruhusu kukunyima ukiwa unaweza kuishi salama sehemu nyingine ya nchi yako, lakini lazima iwe sehemu unayoweza kufika na ambayo ni haki kutegemea mtu kama wewe aishi. Kwaiyo usijibu "Kinshasa ni mbali" tu. Waeleze kwamba wewe ni mtu wa Kiswahili na Mashi, Kinshasa watu wanaongea Lingala, ukifungua mdomo sokoni wameshajua unatoka mashariki, na kwa hali ya vita hii mtu wa mashariki anaangaliwaje, hasa kama sura yako au jina lako linawafanya wakuite Mnyarwanda. Huna ndugu kule? Sema. Hujawahi kukanyaga kule? Sema. Mfini aliyekaa ofisini anaona ramani, nchi moja rangi moja, hawezi kujua kwamba kwa Mkongo wa Kivu, Kinshasa unaweza kuwa mgeni kuliko ulivyo mgeni Kigoma. Mwambie.

Kuhusu polisi sitakudanganya. Ombi la pili halisimamishi kuondolewa nchini kila mara, inategemea umeomba lini na umeshaomba mara ngapi, ndo maana usiende peke yako, anza na wakili wa msaada wa serikali. Na kwa wote mnaosoma hili, ukikataliwa mara ya kwanza, usilale. Uamuzi unakuja na karatasi ya maelekezo ya rufaa, imeandika mahakama gani ya utawala na siku ngapi, na siku zinahesabiwa kuanzia ulipopewa taarifa. Nimeona watu wazima wameiweka bahasha chini ya godoro kwa huzuni mpaka siku zikaisha. Lia, alafu siku hiyo hiyo mpigie wakili.

SWALI: Mimi ni mama, nimeshapata ukimbizi. Nina binti wa miaka 11 yuko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa bibi yake. Sikumzaa, ni wa dada yangu marehemu, baba yake hajulikani alipo, lakini nimemlea tangu ananyonya na ananiita mama. Nijaze kwamba ni binti yangu? Kwetu ni binti yangu.

JIBU: Mama, kwetu ni binti yako na mtu asikwambie vingine. Lakini kwenye fomu usiandike umemzaa.

Ndugu zangu, Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Mtoto wa dada ni mtoto wangu, mtoto wa baba mkubwa ni kaka yangu, mama mdogo ni mama. Ukisema hivyo kwenye intavyuu mkalimani anaandika "mtoto", "kaka", "mama", alafu ukurasa wa nyuma umeorodhesha waliozaliwa tumbo moja na wewe na huyo kaka hayumo, wanauliza mbona. Kwa watoto ni hatari zaidi kwa sababu Migri wana haki ya kukuomba kipimo cha DNA, ukiwa umeandika umemzaa na damu ikasema hapana basi wataona umedanganya, na mtoto ndo anayeadhibiwa.

Ukweli wako unafaa, mama. Sheria ya Ufini inamtambua mtoto wa kulelewa kama ni chini ya miaka 18, hajaolewa, wazazi wake wamekufa au hawajulikani walipo, na ulikuwa unamlea kabla hujaja huku. Wewe yote unayo. Kilichobaki ni kuonyesha. Cheti cha kifo cha dada au karatasi ya kanisa aliyozikiwa, karatasi za kambi zinazoonyesha mliandikwa nyumba moja, kadi ya kliniki, picha za zamani, barua ya mwalimu inayosema nani alikuwa anamleta shule. Na angalia ulimtajaje kwenye intavyuu yako mwenyewe siku ile. Kama ulisema "nina binti" bila kueleza, ueleze sasa, kabla hawajauliza.

Fanya haraka, hili nasisitiza. Tangu Julai 2016 hata aliyepewa hifadhi akileta familia anatakiwa aonyeshe kipato, ila aliyepewa ukimbizi ambaye familia yake ilikuwepo kabla ya kuja huku anasamehewa kipato ombi likiingia ndani ya miezi 3 tangu apewe taarifa ya uamuzi. Ikipita wanadai mshahara ambao mtu anayesoma lugha hawezi kuwa nao. Ombi linaanzia kwenye mtandao wao unaoitwa Enter Finland, alafu mtoto lazima aende mwenyewe ubalozini kutambuliwa na huenda akahojiwa, na kutoka Nyarugusu hutoki tu hivi hivi, bibi aanze sa hivi kufuatilia kibali cha kutoka kambini. Mwambieni mtoto asikaririshwe kitu. Akiulizwa nani amekuzaa, aseme anachokijua.

SWALI: Nimeomba hifadhi lakini nimepata kazi ya usafi, bosi ananipenda. Naweza kubadilisha iwe kibali cha kazi nikiwa hapa hapa?

JIBU: Zamani ndiyo, wengi waliokoka kwa njia hiyo. Tangu Septemba 1, 2024 hapana, njia ilifungwa, aliyeomba hifadhi hawezi tena kuhamia kwenye kibali cha kazi akiwa ndani ya nchi. Anayekwambia anaweza kukufanyia kwa malipo anakula pesa yako. Endelea na kazi kama haki ya kufanya kazi unayo, tunza hati za mshahara, na nguvu zako ziweke kwenye kesi ya hifadhi. Mimi binafsi sheria hii inaniuma, nimewaona watu wanaopiga deki hospitali saa kumi na moja alfajiri, wana kodi wanalipa, wanaambiwa rudini kwenu.

SWALI: Niko Mwanza, nimepata chuo Ufini. Mjomba ananiazima pesa ikae kwenye akaunti siku mbili nipige picha stetimenti, alafu arudishiwe. Itapita?

JIBU: Hongera mdogo wangu kwa chuo, ila hapo mjomba anakuponza. Tangu Novemba 1, 2024 wanataka yuro 800 kwa kila mwezi, awali ilikuwa 560, yaani mwaka mzima 9,600, na ada ni mbali na hiyo, bima pia mbali. Pesa iwe kwenye akaunti yako na uwe nayo kweli, barua ya mjomba kwamba atakulea haihesabiki. Stetimenti yenye mzigo mkubwa umeingia jana inauliza swali yenyewe. Na hata ikipita, kibali siku hizi kinatolewa kwa muda wote wa masomo na baadaye wanafanya ukaguzi, wakikuta huna kitu kinaweza kufutwa. Tena tuseme umefika, Novemba kuna giza saa tisa alasiri, huna yuro mia, kazi unaruhusiwa wastani wa masaa 30 kwa wiki lakini bila Kifini kazi yenyewe haiji mbio. Nimewapikia ugali wanafunzi wa namna hiyo, walikuwa wanaona aibu kusema wana njaa. Kama mjomba ana moyo, akupe kabisa au muulizeni chuo kuhusu udhamini.

SWALI: Yaliyonipata siwezi kuyasema mbele ya mwanaume. Naruhusiwa kuomba mkalimani mwanamke? Na Kiswahili changu ni cha Lubumbashi, cha Tanzania sikielewi chote.

JIBU: Dada yangu, unaruhusiwa, mkalimani na hata anayekuhoji, wote wawe wanawake. Usingoje asubuhi ya intavyuu. Nenda leo kwa wafanyakazi wa kituo, au mwambie wakili, waandikie Migri kwamba unaomba wanawake na kwamba Kiswahili chako ni cha Kongo, cha Katanga, wao kwenye fomu yao "Kiswahili" ni neno moja tu. Siku yenyewe mkianza ongea na mkalimani kidogo, mwachie aseme mawili matatu, na kama hamuelewani sema hapo hapo kabla hujaanza kueleza chochote, wataahirisha, hawakuandikii kosa. Mkalimani lazima atunze siri, na Migri haipeleki maneno yako kwa serikali ya kwenu. Na ukifika kwenye sehemu ile ngumu ukashindwa, sema "kuna jambo sijalisema bado, naomba dakika kumi". Liandikwe hivyo hivyo kwamba lipo, hata kama siku hiyo hukulimaliza.